Shingo ya Chiriku

Alipoitwa, Chiriku hakugeuza shingo. Aligeuka mzima mzima, miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji, ndipo akamtazama mama yake kwa jicho la pembeni. Kichwa kilikuwa kimelalia bega la kushoto, kidevu kimeelekea kulia.

"Njoo, mama," mama yake alimwita tena kutoka kwenye cherehani.

Mtoto akaja taratibu, mkono mmoja ameshika ukuta. Hakusema kitu. Hilo ndilo lililomtia mama yake ubaridi kuliko hata kile kichwa, maana jina la Chiriku hakupewa bure. Tangu ajue kuunganisha maneno mawili, nyumba ile haikupata utulivu: alisema na paka, alisema na viatu, alisema mpaka usingizini. Sasa tangu juzi alikuwa akijibu kwa kuguna.

"Wapi panauma?"

Chiriku akainua kidole, kikafika karibu na sikio, kikashuka.

"Mwache mtoto," alisema bibi yake, mama mzazi wa baba yake, Fundi, aliyekuwa mkekani akinyofoa vipande vya sponji. "Kalala vibaya huyo. Shingo ikilala vibaya huchukua siku zake. Lete mafuta nimkande."

"Usimkande, mama. Tafadhali."

"Usimkande!" Bibi alicheka, uso ameuelekeza ukutani. "Nimelea ukoo mzima mimi, na mmoja wao ndiye huyo aliyekuoa. Shingo yake iko wapi? Si iko pale pale nilipoiacha?"

Mama Chiriku akainamisha macho kwenye kitambaa. Mama mkwe hajibiwi mara mbili. Lakini mguu wake ulikuwa umekwisha kusimama kwenye cherehani, na kwa muda mrefu haukuanza tena.

Yeye alijua kwamba mtoto hakulala vibaya. Alikuwamo garini.

Ilikuwa Jumanne, wanatoka kununua ngozi bandia. Fundi anaendesha, mkewe kaketi pembeni yake, Chiriku yuko nyuma, katikati, kwenye kiti alichotengenezewa na wazazi wake, anaangalia mbele kama abiria mkubwa, anawasimulia habari za mbwa aliyemwona dukani. Lori lililokuwa mbele yao likasimama ghafla. Fundi akakanyaga breki, akakata usukani, gari likajikita kwenye ukingo wa mtaro. Kishindo hakikuwa kikubwa. Bampa lilibonyea, taa moja ikapasuka, basi. Lakini mama alikuwa ametupa jicho nyuma wakati ule ule. Aliuona mwili wa mtoto umebaki kitini, umeshikwa na mikanda, na kichwa peke yake kinakwenda mbele. Kikaenda, kikaenda, kana kwamba kimeitwa na mtu mwingine, kisha kikarudi na kugonga sponji.

Fundi aliruka nje, akafungua mlango wa nyuma. Cha kwanza alichoshika ni mkanda. Aliuvuta, akaukagua mshono kwa ukucha.

"Umeona?" alimwambia mkewe kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Haukukatika hata uzi. Kazi ya mikono yako hiyo!"

Na kweli haukukatika. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza, akaomba maji. Wakashukuru. Nani angefikiri zaidi ya hapo?

Kwenye ukuta wa karakana yao palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: TUNAGEUZA VITI VYA WATOTO. Viti vyenyewe vilikuja vya mtumba, na vimetengenezwa ili mtoto akae akiangalia nyuma, mgongo wake ukielekea kule gari linakokwenda. Wateja hawakupenda. "Mtoto gani anaangalia sponji safari nzima?" walilalamika. "Namsikia analia, simwoni." Fundi ndiye aliyebuni njia. Unaukata kwa msumeno ule mguu wa chini unaokishikiza kiti kiangalie nyuma, unapigilia ubao wa mshazari, unajaza sponji nene mpaka kiti kinakuwa laini kama mkate; mkewe anashona jalada na mikanda mipya, na mtoto anaangalia mbele kama binadamu wengine. Mafundi wa mtaa mzima wakaiga. Kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba yao na kuwanunulia cherehani ya pili.

Sasa ulikuwa umekuja muswada wa kukataza mtoto yeyote asigeuzwe mbele mpaka atimize miaka minne. Kikao cha kutoa maoni kilikuwa kesho, Jumamosi, katika ukumbi wa mji. Na aliyechaguliwa na chama cha mafundi kusimama kuupinga alikuwa Fundi mwenyewe.

Mama Chiriku alimkuta mumewe uani, amepiga magoti mbele ya kiti cha Chiriku, anakisugua kwa kitambaa chenye sabuni. Kesho kilikuwa kinakwenda ukumbini.

"Baba Chiriku, tumpeleke mtoto hospitali."

"Tumeshazungumza."

"Tulizungumza jana. Jana kichwa kilikuwa kimeinama. Leo hakirudi."

Fundi aliendelea kusugua. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kufoka; akibanwa huwa anafanya kazi kwa nguvu zaidi. "Jumatatu," alisema. "Jumatatu asubuhi nitampeleka mwenyewe, mgongoni. Lakini leo, mke wangu, leo! Watakuuliza kilichompata. Utasema gari. Watauliza alikaaje. Utasema kwenye kiti. Kiti gani? Cha Fundi. Kufika jioni mji mzima unajua, na kesho mimi nasimama mbele ya kamati nikisema nini?"

"Useme ukweli."

"Ukweli upi? Wewe umesomea udaktari? Mimi je? Labda kalala vibaya kweli. Mama anasema kalala vibaya."

"Mama hakuwemo garini."

Hapo akaacha kusugua. Akamtazama, na mkewe akaona kwamba naye hapati usingizi. "Nimekusikia," alisema taratibu. "Nakuomba tu uniazime muda mpaka kesho jioni. Kuna mafundi wangapi mtaa huu wanaokula kwa kazi hii? Wote wameniweka mbele. Nikianguka mimi, tumeanguka wote."

Kabla mkewe hajajibu, lango likagongwa, na kelele za salamu zikaingia kabla ya mwenyewe. Ni Mwenyekiti wa chama, mwanamume wa tumbo na kicheko, ameninginiza shati jipya kwenye kidole.

"Mheshimiwa msemaji! Hili utalivaa kesho. Shemeji, mpigie pasi, asije akasimama mbele ya wakubwa amekunjamana kama noti ya mfukoni." Akaketi juu ya ndoo bila kukaribishwa. "Sasa sikilizeni mpango. Kamati watakuja na kiti chao cha maonyesho, kile cha dukani, cha kuangalia nyuma. Sisi tunamchukua Chiriku. Tunamweka kwenye chao, miguu inagonga, anaona giza, analia. Tunamtoa, tunamweka kwenye chetu, anamwona baba yake, anacheka. Kesi imekwisha! Hata wakili hahitajiki."

"Mtoto anaumwa," alisema Mama Chiriku.

"Anaumwa nini?"

Fundi akakikamua kile kitambaa cha sabuni.

"Kalala vibaya," alisema Fundi.

"Aa! Basi vizuri. Atalia sawasawa." Mwenyekiti akacheka mwenyewe, akampiga Fundi begani. "Shemeji, wewe kazi yako ndogo tu. Umlete amevaa vizuri, umkabidhi kwa baba yake, ukae. Kusema tuachie sisi."

Mama Chiriku alikwenda zahanati alasiri ile bila kumwambia mumewe. Alimwambia mama mkwe anakwenda kununua uzi, akamfunga Chiriku kifuani ili kile kichwa kipate pa kuegemea, akapita vichochoroni. Kila akikanyaga shimo, mtoto aliguna, na kila mguno ulimchoma kama sindano iliyoteleza.

Pale dirishani palikuwa na foleni. Nyuma yake akasimama muuza dawa wa pale mtaani, dada mmoja mchangamfu, mteja wao.

"Mama Chiriku! Ah, mwanangu hataki kushuka kwenye kile kiti chenu. Tukifika nyumbani analia anataka kurudi garini. Ana nini huyu?"

"Homa kidogo."

"Pole, mdogo wangu. Mbona kichwa kiko hivyo?"

Mhudumu akagonga kioo kwa kalamu. "Anayefuata! Mtoto ana nini?"

Mama Chiriku alifungua mdomo. Alihisi pumzi ya muuza dawa begani. Aliona ukumbi, aliona shati jipya, aliona mafundi wa mtaa mzima wakimgeukia mumewe.

"Kalala vibaya," alisema.

"Ameanguka? Amegongwa?"

"Hapana."

Mhudumu hakuinuka hata kwenye kiti. Alichungulia kupitia dirisha, akasema watoto ndivyo walivyo, akaandika dawa ya maji ya kutuliza maumivu. "Ikizidi urudi. Anayefuata!"

Nje alisimama kando ya ukuta, chupa mkononi. Mpaka dakika ile alikuwa akiwalaumu wao: mume kwa woga wake, mkwe kwa ujuaji wake, Mwenyekiti kwa tumbo lake. Sasa alikuwa amepewa nafasi peke yake, hakuna aliyemziba mdomo, na neno lililomtoka ni lile lile lao. Chiriku aliuweka mkono wake mdogo juu ya kifua cha mama, akauacha hapo.

Kesho yake ukumbi wa mji ulijaa mpaka madirishani. Mbele waliketi wanakamati watatu, katikati yao mama mmoja mwenye miwani aliyeshika kengele ndogo. Juu ya meza palikuwa na kiti cha maonyesho, cheusi, mgongo wake mrefu na masikio mawili makubwa pembeni.

Alianza daktari wa mifupa wa hospitali kuu, mwanamume mwembamba asiyejua kupamba maneno. Alisema kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kwa mwili wake, na shingo yake haijakomaa. Gari likisimama ghafla, mtoto anayeangalia mbele, mwili unashikwa na mkanda, kichwa hakishikwi na kitu. Anayeangalia nyuma, mgongo wa kiti unampokea mzima, kichwa na mwili pamoja. "Hayo tu," alisema, akaketi.

Watu wakaguna. Dereva mmoja mrefu alisimama akasema hana ugomvi na shingo, ana ugomvi na magoti: kiti cha namna ile kikifungwa nyuma yake, yeye ataendesha amekumbatia usukani. "Mniambie basi na mimi niangalie nyuma!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama mmoja akasema mwanawe akiangalia nyuma hutapika njia nzima. Mwalimu wa chekechea akamjibu kwamba matapishi yanafuliwa. Kengele ikalia.

Kisha akaitwa Fundi.

Alisimama vizuri. Mkewe, aliyekaa mstari wa pili na mtoto mapajani, alishangaa kuona jinsi alivyosimama vizuri.

"Waheshimiwa, mimi sitabishana na daktari habari ya mifupa. Nitasema ninachokijua. Hivyo viti vya dukani sisi hatuviwezi. Anayevinunua ni mwenye gari jipya. Sisi wa magari ya mkono wa tatu tunapata mtumba, tunautengeneza. Mkipitisha sheria hii, askari atamsimamisha nani barabarani? Atamsimamisha yule yule asiyekuwa nacho. Na yule ataona nini? Ataona heri kumpakata mtoto mapajani, afiche kichwa chake askari akipita. Hiyo ndiyo sheria ya kuokoa watoto?"

Makofi yakapasuka. Hata mama mwenye miwani aliandika kitu. Mama Chiriku naye alijua kwamba mumewe hakusema uongo hata neno moja.

"Na mtoto mwenyewe tumwulize," aliendelea Fundi. "Ninaye wangu hapa." Akanyoosha mikono.

Mikono ya mama haikuachia. Mwenyekiti, aliyekaa nyuma yake, akamsogelea sikioni. "Shemeji, usituaibishe." Fundi akamwinua mtoto mwenyewe, kwa uangalifu, kiganja chini ya kichwa, kama mtu anayejua anachokishika. Mkewe alikiona kiganja kile. Kumbe anajua, alijiambia. Anajua kama mimi ninavyojua.

Alimketisha kwenye kiti cha kamati, akiangalia nyuma. Ukumbi ukangoja kilio. Chiriku akakunja miguu, akaipandisha kitini, akakiegemeza kile kichwa kwenye sikio la pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kilipata mahali pa kukaa. Akafumba macho.

"Mbona kalala?" mtu aliuliza, na vicheko vikatambaa.

"Haya, haya, sasa kwenye chetu," Mwenyekiti alihimiza kwa sauti ya chini.

Fundi alimhamisha. Alimfunga mikanda, mabega yote mawili, akaikaza kama anavyowafundisha wateja. Jalada la kiti liling'aa. Mtoto alikaa akiangalia watu, kidevu upande, na walio nyuma walidhani ni madeko. Fundi akasogea kando, upande wa kushoto, pale walipopanga asimame.

"Chiriku! Mwangalie baba!"

Siku zote hizo alikuwa akigeuka kwa mwili. Sasa mwili ulikuwa umefungwa. Macho yalikwenda kushoto yote, mpaka weupe ukabaki, mabega yakasukuma mikanda, mikanda haikusogea, na shingo ikakataa. Akapiga ukelele ambao haukuwa wa kudeka wala wa njaa. Kicheko kilichokuwa kimeanza ukumbini kikakatika.

"Mfungue!"

Mama Chiriku hakujua kama amesimama mpaka alipoona watu wote wako chini yake.

"Mama Chiriku, kaa," alisema Fundi, midomo haina rangi.

"Mfungue mtoto. Hakulala vibaya. Jumanne tuligonga mtaro, alikuwa kwenye kiti hicho hicho, anaangalia mbele, mikanda nimeishona mimi. Mikanda ilishika. Kichwa kikaenda. Nilikiona. Jana nimekwenda zahanati nikadanganya, mtoto wangu akapewa dawa ya maji." Pumzi ikamwishia. "Shingo haigeuki. Nyote mmeiona. Haigeuki!"

"Mwanamke huyu amelipwa!" mtu alipiga kelele. Mwenyekiti alishika mtandio wake kutoka nyuma akamvuta akae, mtandio ukabaki mkononi mwake. Kengele ililia, ikalia, hakuna aliyeisikiliza. Lakini daktari wa mifupa alikuwa ameruka meza.

"Asimguse mtu! Baba, toa mkono. Toa mkono!"

Alipiga magoti mbele ya kiti, akakishika kichwa cha Chiriku kwa viganja viwili, hakukigeuza, alikishika tu, akaanza kumwuliza kwa sauti ndogo habari za paka wao.

Jioni ile walikuwa kwenye ujia mwembamba wa hospitali kuu, wenye benchi moja na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu walimwona Chiriku kitandani, chali, mkanda mpana chini ya kidevu, kamba imepita juu ya kichwa cha kitanda na kuning'iniza uzito. Bibi alikuwa ameketi kando yake, amemshika kidole cha mguu. Tangu waingie hakuwa ametamka hata neno la kulaumu, na kwake hilo lilikuwa kubwa kuliko kuomba radhi.

Daktari alikuja na picha. Alionyesha mfupa wa juu kabisa wa shingo, ulivyozunguka na kunasa juu ya mwenzake.

"Atapona?" aliuliza Fundi.

"Nadhani utarudi wenyewe kwa huo uzito. Usiporudi, tutamlaza kwa dawa ya usingizi tuurudishe. Sitawadanganya, bado sina hakika. Mngekaa majuma mengine mawili, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine." Akafungua faili. "Sasa niambieni vizuri. Mtoto alipatwaje?"

Mama Chiriku alivuta pumzi, lakini mumewe akamtangulia.

"Ni gari. Nilikuwa naendesha mimi. Kiti nilikigeuza mimi. Na yeye tangu juzi ananiambia tuje, nikamkataza." Alikuwa bado amevaa shati la Mwenyekiti, kifungo kimoja kimeng'oka. "Mniandike mimi. Yeye msimwandike."

"Simwandiki mtu kwa polisi hapa. Naandika shingo." Daktari akainua kalamu. "Viti kama hicho umetengeneza vingi?"

Fundi akaitazama ile picha. Alikaa kwenye benchi, viwiko juu ya magoti. Daktari alipoondoka, Mama Chiriku naye akaketi, akaacha nafasi kati yao.

"Muuza dawa," alisema Fundi ghafla, akiitazama sakafu. "Kiti chake kina kitambaa cha bluu, mstari mweupe."

Mkewe akageuka.

"Yule karani wa maji, kahawia. Mwenye duka la vyombo alitaka ngozi bandia nyeusi, mtoto wake ni mdogo kuliko wetu. Mwenye mapacha, kijani, viwili. Nyekundu ya mchungaji..." Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Vyote nimevikata ile miguu. Hakuna hata kimoja kinachoweza kurudishwa. Nikiwaambia, watanichukia. Mafundi wenzangu watanichoma moto na karakana yangu."

"Wataudhika," alisema mkewe.

"Na tutakula nini?"

"Sijui." Alitoa simu ndani ya nguo yake, akaiweka kwenye ile nafasi iliyokuwa kati yao, akaacha mkono wake juu ya benchi.

Fundi aliitazama simu ile kama mtu anayetazama maji ya moto. Kisha akaichukua, akapiga, akaweka sauti ya nje ili mkewe naye asikie.

"Fundi!" sauti ya muuza dawa ilijaa ujia. "Nimesikia mambo ya huko! Mkeo ana nini, jamani? Vipi Chiriku?"

"Amelazwa. Dada, mtoto wako yuko wapi?"

"Yuko hapa nyuma yangu, anaimba. Husikii?" Na kweli, nyuma ya mvumo wa injini, kulikuwa na mtoto anaimba wimbo usio na maneno. "Tuko barabara kuu, hapa karibu na hospitali kuu, tunatoka kwa shangazi yake."

"Anaangalia wapi?"

"Anaangalia wapi kivipi? Si mbele? Wewe mwenyewe ulisema ataona dunia."

Fundi aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Simamisha gari, dada."

"Nini?"

"Simamisha gari. Sogea pembeni taratibu, usifunge breki kwa ghafla. Mke wangu hakusema uongo. Kile kiti kibaya. Nimekitengeneza vibaya, chako na vya wenzako wote. Simamisha, nakuomba."

Kisha wakasikia kidude cha taa ya kuashiria kikigonga tik, tik, tik, na magurudumu yakitafuna changarawe. Injini ikazimwa. Mtoto aliendelea kuimba.

"Nimesimama," alisema muuza dawa. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka. "Haya, Fundi. Nimesimama. Kiti ulinifungia wewe, kingine sina, na nyumbani bado mbali. Sasa mimi na huyu mtoto tunafikaje?"

Fundi alikuwa ameshasimama, anatafuta mlango wa kutokea kwa macho. Alimtazama mkewe mara moja. Mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Kaa naye hapo hapo kando," alisema kwenye simu, akianza kwenda. "Nakuja kwa miguu. Nitambeba mpaka nyumbani."